Mbachao na Msala: Mwongozo Kamili wa Kuacha Mkataba Mmoja wa Kazi Huru na Kuingia Mwingine

Wanaonijia kuniuliza hapa Malindi huja wakiwa wameshaacha. Mtafsiri wa Kiitaliano, binti anayesimamia kurasa za vila kule Casuarina, kijana anayehariri video za harusi: anafika simu mkononi, ujumbe wa kuaga ameshautuma saa tano za usiku, na anachotaka kwangu ni kuambiwa amefanya vyema. Baada ya wiki sita anarudi. Mteja mpya hajalipa, wa zamani ameshampa kazi mtu mwingine, na mwenye nyumba anataka kodi yake.

Wengine hukosea upande wa pili. Wanakaa miaka mitatu kwa malipo yale yale huku unga, stima na bando vikipanda, kwa sababu mteja ni "mtu mzuri".

Usiache mbachao kwa msala upitao, wazee husema, yaani usitupe mkeka wako uliochakaa kwa ajili ya mkeka wa kusalia unaopita tu machoni, na mara nyingi methali hii hutumiwa kumkalisha mtu pale alipo. Mimi huitazama kwa neno lake la mwisho: upitao. Msala ukishatandikwa, ukawa na sahihi na arubuni (malipo ya kutanguliza) juu yake, haupiti tena. Karibu kazi yote iliyo hapa chini ni ya kujua msala unaoonyeshwa unapita au umetandikwa, na mbachao ulioukalia una thamani gani hasa.

Mwongozo ni wa anayefanya kazi huru kwa mkataba, mteja wake awe wa hapa, wa Lamu, wa Watamu au wa Italia. Aliyeajiriwa kwa mshahara ana sheria zake.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mkataba wako wa sasa. Kama haukuandikwa rasmi, hamisha mazungumzo yote ya WhatsApp mliyokubaliana bei na kazi yawe faili, ujitumie kwa barua pepe. Sauti zilizorekodiwa pia zihifadhi.
- Taarifa ya M-Pesa ya miezi 6, unayoiomba kwa *334# au kwenye programu yake, na ya benki kama unalipwa huko.
- Daftari la saa unazofanya kazi kila siku, la wiki 2 kwa uchache, 4 ni bora.
- Kalenda ya mwaka mzima. Ile ya ukutani inayotolewa dukani inatosha.
- Ofa mpya kwa maandishi. Kama ni ya mdomo, bado hujapata ofa, umepata habari.
- PIN yako ya KRA, mamlaka ya kodi, na njia ya kuingia iTax, mtandao wake.
- Jumla ya matumizi yako ya mwezi, pamoja na yale ya nyumbani kwenu unayochangia bila kuyahesabu.

Daftari la saa ndilo linalokosekana kwa karibu kila mtu. Kama huna, acha kusoma hapa, lianze leo, urudi baada ya wiki mbili. Hatua ya 2 bila daftari ni kubahatisha.

Hatua ya 1: Andika sababu kwa sentensi moja, uilaze siku saba

Kwa kalamu, si kwa simu. "Nataka kuacha kwa sababu invoisi ya tarehe 30 hulipwa tarehe 19." Au: "kwa sababu nimepata anayelipa zaidi." Ikishindikana kuwa sentensi moja, bado hujaijua sababu.

Siku ya saba iandike upya bila kuitazama ya kwanza, kisha ulinganishe. Hasira huwa imeshabadilika sura kufikia hapo. Sababu ya kweli haibadiliki.

Halafu jiulize: inatibika kwa mazungumzo? Bei, wingi wa kazi, saa za mikutano, masahihisho yasiyoisha, hayo yote yanatibika. Matusi hayatibiki, wala kazi inayokutaka uvunje sheria, wala mteja anayechelewesha malipo kwa mazoea. Na mazoea yapime kwa taarifa ya M-Pesa. Kuchelewa mara moja mwezi wa Mei, hoteli ikiwa imefungwa, si mazoea. Mara nne katika miezi sita ni mazoea.

Tahadhari: usimwandikie mteja lolote kuhusu kuacha baada ya sala ya Isha. Nasema kwa utani, lakini naifuata.

Umefaulu ukiwa na sentensi yenye tarehe au namba ndani yake.

Hatua ya 2: Tafuta bei ya saa yako ya kweli

Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watu hulinganisha namba iliyoandikwa kwenye mkataba na namba iliyoandikwa kwenye ofa. Namba hizo mbili hazilinganishiki. Kinacholinganishika ni kile kinachobaki mkononi baada ya gharama, kikigawanywa kwa saa zote ulizotoa, zikiwemo zile ambazo hakuna anayezilipia.

Hesabu moja niliifanya barazani Maweni na binti aliyekuwa na mkataba wa Sh60,000 kwa mwezi, kusimamia kurasa za vila na kujibu maulizo ya wageni. Daftari lake lilikuwa na saa 92.

"Na ile safari ya kupiga picha vyumba?" nikamuuliza.

"Kaka, kwani kwenda Casuarina nako ni kazi?"

"Ungekwenda kama si kazi?"

Akacheka. "Sikwendi, wallahi."

"Basi andika."

Akaandika. Safari za tuktuk, kumsubiri meneja langoni, vikao vya simu, masahihisho ya mara ya tatu ya tangazo lile lile. Zikaja saa 26 zaidi. Jumla 118. Nauli na bando zilikuwa Sh4,500, kwa hiyo kilichobaki ni Sh55,500. Gawanya kwa 118: karibu Sh470 kwa saa.

Ofa mpya ilikuwa Sh85,000 kwa mwezi kutoka nje, saa 160. Maswali machache yakaonyesha kwamba kuna ripoti na mikutano ya saa 10 nje ya hizo 160. Ada za kutuma pesa na hasara ya kubadilisha fedha, Sh3,400. Bando kubwa na stima ya nyumbani, Sh5,000. Zinabaki Sh76,600, ugawanye kwa 170: karibu Sh450.

Yaani ile "kubwa" ilikuwa ndogo kwa Sh20 kila saa.

Usikimbilie kuikataa, lakini. Kwa mwezi bado ingemletea Sh21,100 zaidi, kwa kutoa saa 52 zaidi. Swali linalofuata ni hili: hizo saa 52 sasa hivi zinafanya nini? Kama zimelala, Sh21,100 ni faida halisi na inaweza kulipa karo. Yeye, saa 40 kati ya hizo alikuwa anazitumia kutengeneza kadi za harusi na menyu za mikahawa, kwa Sh500 kwa saa. Angezipoteza Sh20,000. Faida yote ya kuhama ilikuwa Sh1,100.

Tulinyamaza kidogo hapo.

Kanuni yangu ni robo. Kama bei ya saa ya kweli ya mkataba mpya haizidi ya zamani kwa robo au zaidi, na sababu yako ni pesa peke yake, baki. Kuhama kuna gharama zake: mwezi wa kwanza unajifunza, unarudia kazi, unafanya polepole ili usikosee. Robo hiyo ndiyo inayolipia mwezi huo. Kama sababu yako ni mteja asiyelipa kwa wakati, robo haihusiki. Shilingi mia nne inayofika ni zaidi ya mia sita inayosubiriwa.

Neno kuhusu kodi, kwa sababu huvuruga hesabu. Mteja wa Kenya akikulipa ada ya kitaalamu ya kuanzia Sh24,000 kwa mwezi anaweza kukukata asilimia 5 ya kodi ya zuio na kuipeleka KRA. Pesa hiyo haijapotea. Ni kodi uliyotanguliza, na unaihesabu unapowasilisha ritani kufikia tarehe 30 Juni. Mdai cheti chake, ukakiangalie kwenye iTax. Mteja anayekata asilimia 5 na cheti hakionekani amejipunguzia gharama kwa jina la serikali. Hiyo ni gharama ya mkataba huo, iandike.

Umefaulu ukiwa na namba mbili tu kwenye karatasi: saa ya zamani, saa mpya.

Hatua ya 3: Hesabu mwaka, usihesabu mwezi

Malindi na Lamu haziishi kwa mwezi. Zinaishi kwa pepo. Kaskazi ikivuma wageni wamejaa. Masika yakishika, kuanzia Aprili hadi Juni, hoteli kadhaa hufunga milango, vila hubaki na mlinzi na mtunza bustani, na bajeti ya matangazo hulala mpaka Julai.

Chukua kalenda, uandike chini ya kila mwezi kiasi utakacholipwa kwa kila mkataba. Mkataba wa vila wa Sh90,000 unaosimama miezi minne una thamani ya Sh720,000 kwa mwaka. Mkataba wa Sh60,000 usiosimama una thamani ya Sh720,000 kwa mwaka. Ni sawasawa, ila mmoja unakuachia miezi minne mitupu, na mwingine unakunyima nafasi ya kuchukua kazi nyingine. Ni juu yako uone kipi kinakufaa, lakini kione kabla.

Mimi sikukiona. Mwaka mmoja niliacha kazi ya kunukuu sauti mwezi wa Machi, kwa ujumbe wa sauti wa meneja wa vila moja aliyesema "tunaanza Aprili, inshallah." Malipo yalikuwa karibu mara mbili. Aprili ikaingia na mvua. Mwenye vila, aliyekuwa kwao Ulaya, akasema tungoje Julai. Aprili nilikula akiba, Mei nikala ya mama, Juni nikauza kamera. Meneja hakunidanganya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hakuwa na uwezo wa kuahidi alichoahidi, na mimi sikumuuliza.

Weka pia saa za mikutano kwenye kalenda hiyo. Italia iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi yao na saa moja wakati wa kiangazi chao. Hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kikao cha saa kumi na moja jioni kule Roma ni saa kumi na mbili jioni kwetu mwezi wa Agosti, na saa moja usiku mwezi wa Januari. Ramadhani nayo husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka. Itazame itaangukia wapi, uone kama kikao chako kitagongana na futari.

Hatua ya 4: Soma mkataba wa zamani kama adui

Kabla hujamwambia mtu yeyote. Tafuta mambo manne.

Notisi. Ile notisi ya siku 28 watu wanayoitaja inatoka katika Sheria ya Ajira ya 2007, na inamhusu mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi. Wewe wa kazi huru unafungwa na kile mlichoandika. Kama hamkuandika, toa muda wa mzunguko mmoja wa malipo. Ni adabu, na ni kinga pia: hakuna atakayesema ulimtupa.

Kazi uliyotengeneza ni ya nani. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo usiondoke na picha za vila ukampelekea jirani yake. Ukizitaka kwa kuonyesha ustadi wako, omba ruhusa kwa maandishi.

Kifungu cha kutofanya kazi na washindani. Mji huu ni mdogo, kila vila ni mshindani wa mwenzake. Soma kinasema muda gani na eneo gani.

Malipo ya mwisho. Yanalipwa lini, na yanategemea nini? Nimewahi kuona mkataba unaosema malipo ya mwisho hutolewa "baada ya mteja kuridhika". Sentensi hiyo ni kisima kisicho na kamba. Ukiwa nayo, omba ridhaa kwa kila kazi kila mwezi, usiziache zikarundikana.

Hatua ya 5: Upime msala

Sasa ofa mpya. Maswali haya yaulize kwa maandishi, na majibu yaje kwa maandishi:

1. Nani hasa anayelipa, na ana mamlaka ya kusaini?
2. Malipo ni tarehe ngapi, kwa njia gani, na ada ya kutuma anabeba nani?
3. Masahihisho ni mara ngapi kabla hayajawa kazi mpya?
4. Kazi ikisimama kwa msimu au kwa uamuzi wao, ninalipwa nini?
5. Aliyekuwa akifanya kazi hii kabla yangu aliondoka kwa nini?

Swali la 1 ndilo lingeniokoa ile Aprili. Meneja si mwenye vila. Kama anayekupa ofa ni kampuni ya Kenya, itafute kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, uone imesajiliwa na wakurugenzi ni akina nani. Kama ni mtu wa nje, omba kikao cha video na anayelipa mwenyewe, si na msaidizi wake.

Swali la 5 lina ladha yake. Sikiliza jinsi wanavyolijibu. Mteja anayemtukana mtu wa zamani mbele yako anakuonyesha namna utakavyozungumzwa wewe.

Kisha omba arubuni. Theluthi ya malipo ya mwezi wa kwanza si ombi kubwa, na nusu kwa kazi ndogo ni kawaida. Hapa wengi huona haya, hasa mteja akiwa mtu mzima au mtu wa dini. Mwambie hivi: "Mzee wangu, nikikubali kwako nafunga mlango mwingine. Arubuni itanisaidia nifunge kwa amani." Sijaona mteja wa kweli aliyekasirishwa na maneno hayo. Waliokasirika walinipunguzia kazi ya kuchunguza.

Kama wanataka kukujaribu, kubali jaribio lenye malipo, dogo, la siku moja au mbili. Jaribio la bure la wiki nzima si jaribio.

Tahadhari mbili. Mtu anayekutaka ulipe ada ya usajili au ya mafunzo ili upate kazi hana kazi. Na usikubali kufanya kazi kwa kutumia akaunti ya mtandaoni iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hata kama malipo yanang'aa: siku akaunti ikifungwa, pesa iliyomo ni ya mwenye jina.

Umefaulu ukiwa na vitu vitatu pamoja: mkataba wenye sahihi mbili, tarehe ya kuanza, na arubuni iliyokwisha ingia. Imeingia, narudia. Picha ya skrini ya "nimetuma" haijaingia. Ukikosa kimoja kati ya vitatu, msala bado unapita.

Hatua ya 6: Zungumza na mteja wa zamani, mara moja

Kama sababu yako ni ya kutibika, mpe nafasi kabla ya notisi. Nenda na daftari, usiende na tishio la ofa. "Bi mkubwa, tulipatana saa 90 kwa mwezi. Miezi mitatu sasa ni 118. Naomba tuongeze malipo au tupunguze kazi." Kisha unyamaze. Kunyamaza ni kugumu kuliko maneno yenyewe.

Akikubali, aandike. Akiandika, na sababu yako ilikuwa pesa au wingi wa kazi, mimi ningebaki hadi mwisho wa msimu nione. Akikupa ahadi tupu, endelea na hatua inayofuata.

Kama sababu yako ni malipo ya kuchelewa, ruka hatua hii. Mteja wa aina hiyo akisikia unaondoka atalipa vizuri mwezi mmoja.

Hatua ya 7: Panga tarehe kwa kurudi nyuma

Anza na siku ambayo pesa ya kwanza ya mkataba mpya itaingia, si siku ya kuanza kazi. Ukianza tarehe 1 Oktoba na unalipwa mwisho wa mwezi, pesa itaingia Novemba mwanzoni. Toka hapo urudi nyuma hadi malipo ya mwisho ya zamani. Pengo hilo ndilo akiba yako inapaswa kulivuka.

Akiba ya miezi mitatu ya matumizi inatosha kwa anayehama kati ya Julai na Novemba. Anayehama kati ya Februari na Mei kwa mteja wa utalii awe na mitano, au asihame. Najua ni nyingi. Ndiyo maana nasema asihame.

Toa notisi siku moja au mbili baada ya invoisi kubwa kulipwa, usiitoe siku moja kabla. Huu si ujanja mbaya. Kadiri unavyodai kidogo siku ya kuaga, ndivyo kuaga kunavyokuwa kwepesi kwa wote wawili.

Kufanya mikataba miwili pamoja kwa wiki mbili kunavumilika. Zaidi ya hapo, zote mbili zinaharibika.

Angalia pia mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali. Asiye na mshahara hulipa wa mwaka mzima, asilimia 2.75 ya kipato kilichokadiriwa na si chini ya Sh300 kwa mwezi. Ukiisha katikati ya pengo, ulipe kabla ya pengo.

Hatua ya 8: Barua ya notisi

Fupi, bila malalamiko. Malalamiko yalikuwa na mahali pake katika hatua ya 6. Mfano:

"Bwana Meneja, assalamu alaykum. Kwa mujibu wa kifungu cha notisi katika mkataba wetu, naomba kukuarifu kuwa nitamaliza kazi ya kusimamia kurasa za nyumba tarehe 31 Oktoba. Hadi siku hiyo nitaendelea na kazi zote kama kawaida. Wiki ya mwisho nitakabidhi mafaili, maneno ya siri na orodha ya yaliyobaki. Invoisi ya mwisho nitaituma tarehe 28. Nashukuru kwa muda wote tuliofanya kazi pamoja."

Tuma kwa barua pepe, kisha mjulishe kwa simu. Usitaje unakokwenda. Atauliza, na jibu ni "nimepata nafasi, alhamdulillahi".

Hatua ya 9: Kukabidhi

Andika orodha ya kila kitu ulicho nacho cha mteja, mkabidhi, na umwombe ajibu "nimepokea". Jibu hilo moja lina thamani ya wakili.

Jambo linalosahaulika na kila mtu ni namba ya simu. Kurasa nyingi za biashara hapa zilifunguliwa kwa namba ya aliyezitengeneza, na ujumbe wa uthibitisho unakwenda kwake. Miezi mitatu baadaye mteja anafungiwa ukurasa Desemba, saa nane usiku, na simu inayolia ni yako. Badilisha namba zote mkiwa mmekaa pamoja, kisha mwache aingie mwenyewe mbele yako.

La pili ni picha za pasipoti. Kama wageni walikuwa wakikutumia nakala zao kwa WhatsApp, mpe mteja anazozihitaji, kisha uzifute kwako, na kwenye hifadhi ya mtandaoni ambako simu huzihifadhi bila kukuuliza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuruhusu kubaki na taarifa za watu usizokuwa na kazi nazo.

Hatua ya 10: Deni likibaki

Siku 14 baada ya tarehe ya malipo, mkumbushe kwa upole. Siku 30, andika barua ya madai: kiasi, tarehe, kazi iliyofanyika, nakala ya "nimepokea", na siku ya mwisho ya kulipa. Usimwanike kwenye mitandao. Utapata watu wa kukupa pole na utajitafutia kesi.

Akikaa kimya, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai ya huduma zisizolipwa hadi Sh1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka shauri limalizike ndani ya siku 60. Uliza kwenye sajili ya mahakama ya Malindi au ya Lamu dai lako lifunguliwe wapi. Daftari la saa, taarifa ya M-Pesa na yale mazungumzo uliyojitumia mwanzoni ndiyo ushahidi wako.

Mimi nimefika barua ya madai tu. Nilikuwa nadai Sh18,000, nikaitaja mahakama kwa mstari mmoja, nikaipeleka kwa mkono asubuhi. Karibu na Magharibi simu ikatikisika: Sh18,000, kutoka namba nisiyoijua, bila neno lolote. Nikamtumia risiti.